Wazazi Walitangulia

Kutoka jiji la Cork, Ireland, treni ya kwenda Cobh haimalizi nusu saa. Dada, ambaye ni nesi huko, alitupeleka mimi na mama. Wageni wengi hufuata habari za Titanic, iliyotia nanga hapo mara ya mwisho tarehe 11 Aprili 1912. Poa, lakini mama aling'ang'ania sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili. Waliondoka bandari hii mwaka 1891 kuwafuata wazazi New York.

“Kumbe wazazi ndio walitangulia,” mama akasema, akimtazama dada.

Watoto wa dada wako kwetu Morogoro, mwaka wa tatu sasa. Dada akajibu polepole kwamba viza zao zimetoka. Mama akanyamaza, kisha akauliza makoti ya watoto yanauzwa wapi.