Leo Niko na Nani

Kila Jumapili saa 12 jioni simu zetu zilikuwa zikilia kwa zamu. Ujumbe wenyewe mfupi: "Leo niko na Dolphy." "Niko na Monk, upande wa pili." Hakuna salamu, hakuna habari za watoto wala za mvua. Ukisoma "niko na Coltrane" unajua mwenzako kazima televisheni, kawafukuza wajukuu sebuleni, na asisumbuliwe mpaka sahani ifike mwisho, dakika 20 hivi, ainuke kuigeuza. Tulikuwa wanne: wawili Tanga, mmoja Mombasa, na mimi Dar es Salaam. Santuri zetu zote za jazi ya Marekani tukizikusanya hazifiki 300. Hicho ndicho kilikuwa chama chetu, hakina katiba wala mweka hazina.

Mkubwa wetu kwa umri, tuliyemwita Kaka, alifariki wakati wa masika. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyetuma ujumbe. Kusikiliza tulisikiliza, ila kuandika "niko na" kulitushinda. Kiswahili hakina haraka ya kumtaja mtu kuwa amekufa. Kinasema hayupo, kana kwamba katoka mara moja kwenda dukani. Sasa Kaka hayupo, halafu mimi nitangaze kwamba niko na Clifford Brown, aliyekufa kwa ajali ya gari mwaka 1956 akiwa na miaka 25? Niko naye wapi?

Baada ya arobaini shemeji, mke wa Kaka, akapiga simu kutoka Tanga. "Njooni mchukue hizo sahani, shemeji zangu. Mchwa wameshaingia."

Mchwa hawali santuri. Walilipita kabati la mninga wakaenda moja kwa moja kwenye karatasi, na majalada ya kampuni ya Blue Note ambayo Kaka alikuwa akiyapangusa kila mwezi, yale ya nusu uso na moshi wa sigara, tuliyakuta yamegeuka udongo. Sahani zenyewe zilibaki uchi, nyeusi, ukungu wa pwani umeota juu yake kama unga. Nyingine hata karatasi ya katikati haikusomeka. Ikabidi tuzifute kwa kitambaa chenye unyevu na kuzipiga moja moja, tuzitambue kama unavyomtambua mtu gizani kwa kikohozi chake. Unaweka sindano, unasubiri sekunde kumi. "Huyo Lee Morgan." "Wapi, huyo Hubbard." Tukabishana kama desturi yetu, mpaka kila mmoja akageuka kutazama kiti kilekile. Mwamuzi wa mabishano hayo siku zote alikuwa yeye.

Shemeji alikaa karibu na mlango anachambua mchele. Muziki huu hakuwahi kuupenda, na hakuficha. Tanga ukisema jazi, watu wanakumbuka Atomic Jazz na Jamhuri Jazz: magitaa, saksofoni, ukumbi umejaa. Bendi zetu zililichukua jina hilo kwa sababu lilikuwa la kisasa, kama zilivyofanya bendi za Kongo, lakini walichopiga kilikuwa rumba na dansi, kitu cha kuchezeka. Shemeji ujana wake aliumalizia kwenye dansi la Jamhuri. Muziki wa mumewe aliuita muziki wa watu waliopoteana sokoni. Kaka alikuwa anacheka, halafu anaongeza sauti.

Alasiri tukafika kwenye ile tuliyokuwa tunaikwepa, *Sunday at the Village Vanguard*.

Ilirekodiwa New York, kwenye klabu ndogo iliyo chini ya ardhi, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Bill Evans kwenye piano, Paul Motian kwenye drams, na Scott LaFaro kwenye besi, lile kubwa la kusimama. Walipiga mara mbili mchana na mara tatu usiku. Kwa kawaida besi ni kama msingi wa nyumba: ipo, lakini hakuna mgeni anayeusifia msingi. LaFaro hakukubali kukaa chini. Alikuwa anaingilia maneno ya piano, anajibu, anauliza, anamwacha Evans amalize sentensi halafu anaigeuza. Ukisikiliza kwa karibu unasikia mpaka vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Nyuma yao glasi zinagongana na watu wanaongea mambo yao.

Siku 11 baadaye LaFaro aligonga mti kwa gari, usiku, huko huko jimbo la New York. Alikuwa na miaka 25.

Evans aliacha kupiga mbele za watu kwa miezi. Husimuliwa kwamba alionekana akizunguka mjini amevaa nguo za marehemu. Kwetu nguo za maiti hugawiwa, na kila anayepewa anajua anachofanya; yeye nadhani alijigawia mwenyewe kwa kukosa wa kumgawia. Halafu akakaa na mtayarishaji wake, Orrin Keepnews, wakachambua kanda za siku ile. Hawakutafuta mahali piano ilipong'ara. Walitafuta mahali besi inaposikika. Sahani ikafunguliwa kwa tungo ya LaFaro na kufungwa kwa tungo ya LaFaro, na jina lake likawekwa juu ya jalada pamoja na la kiongozi. Mimi naihesabu kuwa tanzia, tena iliyoandikwa vizuri kuliko nyingi ninazosoma magazetini.

Watu hupenda kusema msanii hafi. Nimelisikia hilo hata makaburini, na silikubali. LaFaro alikufa. Mbaraka Mwinshehe naye barabara ilimchukua huko Kenya mwaka 1979, na gitaa lake tunalolisikia redioni hadi leo ni la kabla ya siku hiyo. Nyimbo ambazo angezitunga mwaka 1985 hazimo kwenye sahani yoyote. Santuri inatunza kilichopigwa. Kwa ambacho hakikupigwa haina msaada wowote, na nadhani ni heri tukiri hivyo kuliko kuwapa wafiwa maneno matamu.

Kaka alikuwa na hadithi moja ya sahani hii aliyoirudia mpaka tukaichoka. Siku ya kurekodi, katika wimbo wa kwanza, umeme ulikatika na kanda ikasimama. Toleo hilo liliachwa nje ya santuri, likaja kutoka mwaka 2005 pamoja na rekodi zote za siku ile. Aliposikia habari hiyo alipiga simu usiku kuniambia: "Hata New York!" Nyumbani kwake umeme ukikatika sahani inapunguza mwendo, besi inashuka, inashuka, mpaka inakoroma na kunyamaza. Sindano alikuwa haiinui. Najua wapenzi wa santuri watashika vichwa. Alikuwa anaiacha palepale, hata kwa saa tatu, ili umeme ukirudi wimbo uendelee ulipoishia. Alisema ni adabu, huwezi kumwondolea mtu sahani ya chakula kwa sababu taa imezimika.

Tuliipiga yote, pande mbili. Katikati ya upande wa pili shemeji aliweka ungo chini, akasogea.

"Huyu aliyefariki ni yupi kati yao?"

Nikamwonyesha besi kwa kidole hewani, kila inapoingia. Nikamwambia pia kwamba kwa sasa ni wote watatu: Evans aliondoka mwaka 1980, Motian mwaka 2011.

Akasikiliza. Mtu mmoja katika klabu ile alicheka, mbali kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Na hao wanaoongea nyuma?"

Sisi wajuzi watatu, tunaojua tarehe na majina ya wapiga drams wa kila sahani, tukatazamana. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuuliza habari zao. Wimbo wa mwisho ukaisha, sindano ikabaki inazunguka mwishoni, na shemeji ndiye aliyeinuka kuiondoa, taratibu, kwa kidole kimoja chini ya mkono wa mashine, kama Kaka alivyokuwa akifanya mwenyewe. Sikujua kama alikuwa anamwangalia.

"Hii iacheni," alisema.

Tuliondoka na sahani 62 kwenye maboksi ya sabuni. Moja imebaki Tanga, juu ya mashine, bila jalada.