Inakaa na Chaji

Hakuna kitu chenye betri kinachouzwa nchini mwetu bila maneno haya: inakaa na chaji. Simu ya mtumba, tochi ya sokoni, kompyuta iliyostaafu kwenye ofisi fulani huko Ulaya, zote zinakaa na chaji. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na nimeupenda msemo huu siku nyingi kwa ajili ya kitenzi chake. Betri haihifadhi wala haitunzi. Inakaa na chaji, kama mtu anavyokaa na mgeni, au anavyokaa na siri. Ila ukiutazama vizuri, msemo wenyewe hauahidi kitu. Inakaa nayo mpaka lini? Nyingi kiasi gani? Mwaka jana ilinibidi nijue, kwa sababu jibu ndilo lingeamua mama yangu amalizie uzee wake wapi.

Mama ana miaka 76. Anaishi Kibeta, hapa Bukoba, nyumba ile ile aliyojenga baba, migomba nyuma, mibuni pembeni, na kaburi la baba humo humo kibanjani. Tetemeko la Septemba 10, 2016 liliacha ufa ukutani kuanzia dirishani hadi darini. Tukamwambia ahame, akaufunika ufa kwa kalenda. Choo cha ndani tulimjengea, lakini yeye anasema kile ni cha wageni. Usiku anatoka nje kwenda cha zamani. Basi usiku mmoja umeme ulikatika akiwa njiani kurudi, akakosea ngazi, akavunjika mkono.

Kaka yetu mkubwa aliandika kwenye kundi la familia: Mama aje Dar. Wote wakaandika amina. Mama hayumo kwenye kundi hilo, ana simu ya kitochi. Nilisoma zile amina nikiwa nimekaa naye mezani, namkatia ndizi kwa sababu mkono wake ulikuwa kwenye plasta, nikaona haya. Nikaandika: nipeni miezi miwili niweke taa zisizozimika. Kaka akajibu, sawa, tuone.

Hesabu niliifanya kwenye daftari la maandalio ya somo. Taa sita za wati tano, kuanzia jioni hadi asubuhi, saa 11: wati-saa 330. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne, kwa ajili ya taarifa ya habari na tamthilia yake: 160. Redio na simu, tuseme 40. Jumla 530 kwa usiku mmoja. Lakini Bukoba si Dodoma. Hapa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na kuna siku jua hulioni kabisa, unaona tu mahali lilipojificha. Kwa hiyo betri ilipaswa kubeba usiku mbili bila kusaidiwa. Seli nne za lithiamu za ampea-saa 100, zikiungwa kwa mfululizo, zinatoa volti 12.8, yaani wati-saa 1,280. Zinatosha, na kidogo kinabaki.

Kwa nini si betri ya maji, ile ya gari? Kwa sababu nilikua nayo. Baba aliiweka chini ya meza kuendeshea televisheni ndogo, na kila baada ya miaka miwili tulizika moja. Betri ya risasi na asidi ukiikamua mpaka mwisho mara kwa mara, inakufa. Lithiamu inavumilia zaidi, hasa hii aina ya lithiamu, chuma na fosfeti. Aina hiyo ilitoka kwenye maabara ya John Goodenough kule Texas katika miaka ya 1990. Huyo mzee alipewa Nobeli ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Mama aliipenda sana habari hiyo na ameshaisimulia kanisani.

Nikiwa hapo hapo: wenzetu wa Ngara, mkoa huu huu wa Kagera, wana nikeli ya Kabanga, na kila mtu anawaambia ni madini ya betri. Ni kweli, ila si ya betri hizi. Seli zangu hazina nikeli, wala kobalti ya Kolwezi. Zina chuma. Na chuma, pale Katuruka upande wa Maruku, wazee wetu walikiyeyusha karibu miaka elfu mbili iliyopita. Sisemi kwamba hilo linanisaidia kuwasha taa. Nasema tu lilinifurahisha.

Fedha ilitoka kwenye kahawa ya Mama, nyongeza yangu ilikuwa ndogo. Muuzaji nilimpata Dar kwa simu. Seli nne, mpya, shilingi 600,000, nilipe zote ndipo apeleke mzigo kwenye basi. Mama alisikiliza maongezi yale, kisha akauliza: "Umemlipa kabla hujaviona?" Nikamwambia ndiyo biashara ya siku hizi. "Hiyo ni butura," akasema.

Kwa msomaji asiye wa huku: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, changa, kwa mchuuzi anayekupa fedha kidogo leo kwa sababu unaumwa au mtoto kafukuzwa shule. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo. Katika butura anayeumia ni muuzaji. Mimi nilikuwa mnunuzi, lakini Mama hakukosea kwenye lile la msingi, kwamba mmoja wenu anatoa kitu halisi na mwingine anatoa maneno.

Seli zilifika salama, kila moja nzito kama kilo mbili, zimevaa plastiki ya bluu inayong'aa. Fundi mmoja wa Hamugembe alikuja kuziangalia. Alimwamkia Mama kwa Kihaya, akanywa chai taratibu, ndipo akazigeuza. "Mwalimu, tazama hapa." Kiwandani kila seli huchorwa msimbo wa miraba juu yake, kama kitambulisho. Kwenye tatu ulikuwepo. Kwenye ya nne ulikuwa umekwanguliwa, na kwenye vichwa vya kufungia waya kulikuwa na mikwaruzo ya nati. Ilishawahi kufungwa mahali.

Nikatoa mita. Zote nne zilisoma volti 3.29. Nikapumua.

"Usishangilie," fundi akasema. Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini msemo wetu unatosha kuuzia kitu chochote. Volti ya seli za aina hii karibu haitikisiki. Kati ya seli iliyojaa robo na iliyojaa robo tatu, tofauti haifiki sehemu moja ya kumi ya volti. Halafu hata ukijua imejaa, bado hujui imejaa nini. Debe likijaa maji limejaa. Kikombe kikijaa maji kimejaa. Mita inakuambia kimejaa, haikuambii ni debe au kikombe. Njia ya kujua ni moja tu: uijaze mpaka mwisho, volti 3.65, kisha uimwage polepole mpaka 2.5 huku unahesabu kilichotoka.

Aliniazima mashine yake ya kupimia. Ukiiweka ampea 10, seli nzima ya 100 inachukua saa kumi. Tuliziunganisha zote nne sambamba tukazijaza mchana kutwa na usiku kucha, kisha nikaanza kuzimwaga, moja kwa siku, kuanzia saa 12 asubuhi. Ilikuwa likizo. Mashine ilikaa kwenye kigoda sebuleni, feni yake ndogo ikilia kama nyuki, na Mama alikaa kando yake akichambua maharage kwa mkono mmoja. Ya kwanza ilitoa 97.8. Ya pili ilifika saa ya sita, umeme ukakatika, mashine ikazima na kusahau yote, ikabidi niijaze upya. Mama akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na yenyewe inaogopa giza!" Siku iliyofuata ikatoa 96.4. Ya tatu 98.1.

Sijui kama nimewahi kukaa na Mama mchana mzima, siku zote hizo mfululizo, tangu nilipoanza kazi. Kupima betri hakuna la kufanya. Unaandika namba kila nusu saa, basi. Katikati ya namba hizo aliniambia mambo. Aliniambia kwamba anajua kuhusu Dar. Kuna mjukuu alimsomea ujumbe. "Waitu, mimi sikatai Dar. Ila kule nitakuwa mgeni, na mgeni hatoki nje usiku." Nikaandika namba ya saa nane na nusu. Sikuwa na la kumjibu.

Ya nne ndiyo ile iliyokwanguliwa. Saa sita na dakika nane mchana mashine ikalia. Mama akauliza mbona mapema. Kioo kilisoma 61.4.

Alielewa kabla sijaeleza. Kahawa ukiimwaga kwenye ndoo ya maji, zilizo tupu zinaelea, hata kama mtini zilikuwa nyekundu sawa na zenzake. Kilichomshangaza ni kile kilichofuata. Ukiunga seli nne kwa mfululizo, mkondo mmoja unapita zote, na ile dhaifu ikiisha, kidhibiti cha betri kinakata zote. Zile tatu zinabaki na zaidi ya theluthi ya chaji ambayo huwezi kuigusa. Betri yetu ya 100 ingekuwa ya 61. Nikapiga hesabu: usiku wa kwanza tungepita, wa pili taa zingezima kabla Mama hajaamka kwa safari yake ya kwanza.

Nilimpigia muuzaji nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alianza kama nilivyotarajia: "Dada, hiyo inakaa na chaji, nilipima mwenyewe, 3.3." Nikamtumia picha ya kioo na picha ya daftari, namba za kila nusu saa. Akanyamaza siku mbili. Alipopiga tena, sauti ilikuwa nyingine. Alisema yeye ananunua maboksi kwa mkupuo, naye anaambiwa ni mpya, na mashine ya kupimia hana. Nilikuwa mteja wake wa kwanza kumrudishia namba. Akatuma nyingine, nauli ya basi nikalipa mimi, na ile mbovu akasema nibaki nayo, kuirudisha ni gharama. Niliipima mpya: 95.2. Ninaamini alisema kweli. Pia ninaamini kwamba ile iliyokwanguliwa aliiona kabla ya kuifunga. Yote mawili yanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Fundi alifunga paneli juu ya bati, kontrola ukutani, betri kwenye sanduku la mbao chini ya ile kalenda. Mama alitaka kujua itaishi miaka mingapi. Nikamwambia, seli nzima za aina hii huhesabiwa kujazwa na kumwagwa kuanzia mara 2,000 ndipo zianze kuchoka, na kwa mara moja kila siku hiyo ni miaka mitano na nusu hivi. Zikitunzwa ni zaidi. Alihesabu kwa vidole. "Nitakuwa na 81," akasema, kisha akaenda kuangalia jiko.

Ile ya 61.4 hatukuitupa. Peke yake haimburuzi mtu. Fundi aliipa kipaneli kidogo na taa ya wati tatu, ile ya kandili za sola zinazotumia seli moja, akaitundika kwenye njia ya choo cha nje. Ikijaa inaweza kuwaka usiku tano bila jua.

Suala la Dar halijafungwa. Juzi kaka aliuliza kwenye kundi kama zile betri bado zinakaa na chaji. Nilipiga picha ya ukurasa wa daftari nikamtumia, namba zote. Ameweka dole gumba.