Makofi ya Kilo

Novemba 2024, Rais Ruto alitoa mamilioni hadharani katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya padre. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema pesa zirudishwe. Mtandaoni tulishangilia sana. Ni rahisi kuona majivuno ya mwanasiasa.

Shida ni kwamba hilo jukwaa hata sisi tunalo. Kanisani kwetu, huku Eastlands, mweka hazina husoma listi ya harambee: jina, kisha kiasi. Elfu hamsini, makofi ya kilo. Elfu tano, makofi ya kawaida. Soo mbili, kimya, halafu jina linalofuata. Mathe anafulia watu nguo. Soo mbili kwake ni pakiti ya unga na mboga. Siku hizi hutuma zake kwa M-Pesa Jumamosi, na Jumapili ya harambee anabaki nyumbani. Anasema ni miguu. Si miguu.

Katika Mathayo sura ya 6, Yesu anataja kutoa, kuomba na kufunga. Hakatazi hata kimoja. Anachouliza ni: unataka nani akuone? Kama ni watu, wakishakuona umeshalipwa, usingoje malipo mengine. Watu wa hivyo anawaita wanafiki, na neno la Kigiriki lililotumika hapo lilikuwa pia jina la mwigizaji wa jukwaani. Mwigizaji bila watazamaji hana kazi.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Kijana, bila makofi hatutamaliza paa." Labda ni kweli. Lakini paa hilo linajengwa ili nani akae chini yake, kama mathe ameanza kuogopa kuingia? Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi tumegeuza, tunapima moyo kwa kilo za makofi.

Pale hekaluni Yesu alikaa akitazama watu wakitoa sadaka. Matajiri walitia nyingi. Mjane maskini akatia visarafu viwili, na ndivyo vilivyokuwa riziki yake yote. Injili haisemi aliitwa mbele asimame. Yesu aliwaita wanafunzi wake, akawaeleza thamani ya alichotoa. Jina la yule mama hatulijui mpaka leo. Na hakuna aliyempigia makofi.