Vumbi Lililofuata Sumaku

Ndugu msomaji, mimi ni kijana niliyeishia Kidato cha Nne. Ndoto yangu ni kuandika riwaya, lakini ndoto haiivishi ugali. Basi mchana napiga nikeli vyuma vya pikipiki katika karakana moja pale Gerezani, Dar es Salaam. Chumvi ya nikeli ina rangi ya kijani, na vidole vyangu navyo vimeanza kufanana nayo. Nikienda kwa ndugu huvificha mfukoni.

Mwaka jana binamu yangu, mtoto wa shangazi anayesomea kemia shahada ya pili, alinifuata kazini. Nilitaka kujificha nyuma ya tangi.

"Mdogo wangu, we si ndo fundi wa nikeli? Njoo unisaidie, nimekwama."

Alikuwa anatengeneza nyuzi za aloi ya nikeli na chuma, nyembamba kupita akili. Kalibu yake ilikuwa kipande cha oksidi ya alumini chenye vitundu vilivyosimama wima kama sega la nyuki. Alumini ikitiwa kwenye asidi ya oksali na kuungwa upande chanya wa umeme, volti 40, hujitoboa yenyewe. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Masuda na Fukuda, walionyesha kwamba vitundu hivyo vyaweza kupangika kwa utaratibu wa ajabu. Kutoka kitundu hadi kitundu ni nanomita 100 hivi, na sentimita moja ya mraba hubeba vitundu yapata bilioni 10. Unywele wako, ndugu msomaji, una upana wa nanomita kama 80,000!

Upande mmja wa kalibu alikuwa ameupaka fedha, akauunga kwenye hasi. Metali huanzia chini kabisa ya kitundu na kupanda polepole. Dawa yake niliitambua mara moja: chumvi ya nikeli, chumvi ya chuma kidogo, asidi ya boriki, na vitamini C ya kuzuia chuma kisigeuke kutu. Chuma alikitia kidogo makusudi, maana katika dawa hiyo chuma kina kiherehere, hukimbilia kuganda kuliko nikeli.

Lakini nyuzi hazikutoka. Juu ya kalibu metali ilifumka kama uyoga, ndani vitundu vingi vitupu. Sampuli nane zilikuwa zimeharibika, na nafasi yake maabara ilibaki wiki mbili tu.

Nilitazama, nikacheka. Ni ugonjwa wetu ule ule wa karakana! Umeme ukizidi, hasi hutoa povu la haidrojeni. Kwetu povu huacha vidonda kwenye nikeli. Kwake kiputo kimoja kilikuwa kizibo, na vitundu vichache vilivyojaa mapema vilifurika na kujitwalia umeme wote.

"Kaka, unaharakisha," nilimwambia. "Loweka kalibu kwanza hewa itoke. Punguza volti. Washa kidogo, zima kidogo, dawa ipate kuingia tena. Na mshale wa ampea ukipanda ghafla, zima, metali imeshafika mdomoni."

Hakunijibu. Wenzake wawili walinitazama viatu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Siku ya nne aliniita tena. Kalibu iliyojazwa kwa mwendo wa kobe aliitumbukiza katika kostiki soda. Oksidi iliyeyuka, aloi ikabaki. Akaisuuza, akatia maji safi ndani ya chupa ndogo. Kwa macho hukuona nyuzi, bali vumbi jeusi likielea. Akaninyooshea sumaku.

"Shika wewe."

Niliutoa mkono mfukoni. Nikaisogeza sumaku ubavuni mwa chupa, na lo! vumbi lote lilijikusanya, likanifuata. Kulia, kushoto, juu. Baadaye hadubini ya elektroni ilionyesha nyuzi zenyewe, lakini mimi nilikwisha kuamini.

Mmoja wa wale wenzake akaniuliza, "Bwana, umesoma chuo gani?"

"Gerezani," nikasema. Walicheka, nami nikacheka, lakini mkono sikuurudisha mfukoni.

Usiku ule niliutoa muswada wangu chini ya godoro. Nilikuwa nimeandika sura 20 kwa miezi miwili, nikitaka kumaliza upesi. Niliusoma kwa mwanga wa kibatari mpaka jogoo la kwanza. Juu maneno yalikuwa yamefurika, ndani wahusika watupu. Nimerudi sura ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, hata kibaba kisichoonekana kwa macho.