Batri Ilipohamia Ndani ya Gari

Goma, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2024, wahami walipokuwa wamejaa magharibi mwa mji huu, gari moja la zamani aina ya Toyota lilisimama pembeni mwa kambi, kwenye njia ya kwenda Sake, kati ya hema na mawe meusi ya volkano. Siku nyingi halikuwa na mafuta. Hata hivyo kila asubuhi watu walipanga foleni mbele yake, kila mmoja na simu mkononi.

Mwenye gari alikuwa shofere kutoka Sake, mji ulio karibu kilomita 25 kutoka Goma. Mwezi wa pili mwaka huo, mapigano yalipoukaribia, alipakia mke, watoto wanne, godoro moja na bidoni mbili za maji, akaondoka. Kambini walipata hema moja dogo. Lilipowashinda kuenea, watoto wawili wakubwa wakahamia kwenye kiti cha nyuma cha gari. Gari likawa chumba.

Likawa pia shamba. Shofere alikuwa na plaki ya jua aliyoikuta kwa ndugu yake mjini. Aliiweka juu ya gari, mchana ikajaza batri, na batri ikajaza simu za majirani kwa franka 500 kila moja. Pesa hiyo ilinunua unga na makala. Mafuta ya kutafutia abiria yalikuwa ghali, kwa hiyo batri ndiyo iliyokuwa inafanya kazi, gari limelala.

Anayeishi kambini anajua simu ni kitu gani. Ndiyo inayoleta habari kwamba orodha ya chakula imetoka. Ndiyo inayopokea pesa kidogo za ndugu aliye Bukavu au Kampala. Na ndiyo inayosubiriwa na mtu aliyepotezana na wake njiani. Kulikuwa na mama mmoja ambaye kijana wake walipotezana siku watu walipokimbia. Alileta simu ndogo ya vibonyezo kila asubuhi, akasema maneno yale yale: “Papa, ikilia usiikate. Niite, hata kama niko kwenye bomba la maji.”

Kisha wezi wakaanza. Usiku mmoja walifungua kapo ya basi dogo lililokuwa jirani, wakakata kable, wakaondoka na batri. Kapo ya shofere ilikuwa imeharibika siku nyingi, imefungwa kwa kamba ya waya. Mke wake aliitazama ile kamba, akasema: “Baba watoto, wakiichukua ile, tumekwisha.”

Kesho yake aliitwa fundi kijana. Kabla ya jioni batri ilikuwa imetolewa kwenye injini na kuwekwa ndani, sakafuni nyuma ya kiti cha shofere, pale watoto wanapoweka miguu. Ilifungwa kwa kipande cha mpira wa tairi. Kable zilirefushwa kwa nyaya za umeme wa nyumba, zikasokotwa na kuzungushiwa utepe, zikapitishwa kwenye tundu lililotobolewa kwa patasi katika ukuta wa bati unaotenga injini na watu. Gari liliwaka mara ya tatu, likiguna. “Si limewaka?” fundi aliuliza, akalipwa. Usiku ule shofere alilala usingizi wa kweli, kwa kuwa mwizi angelazimika kwanza kuwaamsha watoto.

Hakujua kwamba aliyemkimbia nje alikuwa amemwingiza mwingine ndani.

Dalili zilikuja polepole. Demarere ilizidi kuchoka, ingawa batri ilionekana imejaa. Saa za mchana, jua likiwa kali na vioo vimefungwa, gari lilinuka kama yai bovu. Blanketi ya watoto ikapata matundu madogo kwenye ncha. Mama yao alidhani ni cheche za mbabula, akawagombeza. Kisha suruali ya mkubwa nayo ikaanza kutoboka kwenye pindo, na mtoto akasema miguu inamwasha. Shofere alisikia yote hayo kama mambo mbalimbali. Yalikuwa jambo moja.

Usiku mmoja mtoto mdogo aliwaka homa. Shofere alikuwa na lita mbili za esanse alizozificha kwa siku kama hiyo. Alimpakia mama na mtoto, wakaelekea kituo cha afya. Njia ni ya mawe, gari linaruka. Hawakufika mbali, mama akapiga kelele kutoka nyuma kwamba miguu inaungua. Moshi ulikuwa unatoka chini ya kapeti.

Shofere akazima ufunguo. Injini ikanyamaza, moshi ukaendelea. Hapo ndipo alipoogopa, maana maisha yake yote ya udereva alijua kwamba ukizima ufunguo umezima gari. Mama alishuka na mtoto mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mfuko wa simu za watu, simu 23. Motari aliyekuwa anapita akasimama. Alikuwa na ufunguo wa 10 chini ya kiti cha pikipiki. Shofere akaingiza mikono ndani ya moshi, akatafuta mkia wa batri wenye alama ya kutoa, akaufungua, akauvuta pembeni. Moshi ukakatika. Kapeti ilikuwa imeungua urefu wa mkono mmoja, hadi karibu na batri yenyewe.

Motari aliwabeba mama na mtoto hadi kituoni bila kuomba kitu. Mtoto alipata dawa, akapona. Shofere alibaki na gari mpaka asubuhi.

Watu walipokuja kuchukua simu aliwaambia ukweli. Wengine walimpa pole. Yule mama wa kijana aliyepotea alichukua yake, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akaondoka bila neno. Siku zilizofuata foleni ilipungua hadi watu watatu.

Mjini kuna fundi mzee mwenye garaji ya mabati. Shofere alimpelekea gari likivutwa, akitegemea kutukanwa. Mzee alikaa chini, akafunua kapeti, akaonyesha mahali ambapo kable ilipita kwenye tundu la bati. Ukali wa bati ulikuwa umekula mpira wa waya kila gari liliporuka, hadi shaba ikagusa chuma. “Kuhamisha batri si kosa, mwanangu,” alisema. “Land Rover Defender inatoka kiwandani na batri chini ya kiti. Toyota Prius inayo nyuma, kwenye kofre. Tena mbali na joto la injini batri huishi zaidi. Lakini wale walipoihamisha, walihamisha na ulinzi wake.”

Akamweleza kwa kugusa kila kitu. Batri ya volti 12 inaonekana mpole, lakini shaba ikigusa chuma inatoa moto wa kuyeyusha waya. Kable ya demarere inatoka moja kwa moja kwenye batri, ufunguo hauizuii. Ndiyo maana moshi haukusimama. Kinachoizuia ni fizibu kubwa, na inawekwa karibu kabisa na batri, isizidi urefu wa shubiri moja au mbili kutoka mkia wa kujumlisha. Ikiwekwa mbele kule kwenye injini, kable yote iliyopita chini ya watoto inabaki bila mlinzi.

Waya nao una unene wake. Demarere ya gari dogo huvuta ampea 100 na zaidi. Waya wa nyumba ukirefushwa mita tano unakula nguvu njiani na kupata moto. Ndiyo sababu gari lilikuwa linaguna. Mzee alitafuta kable nene ya shaba, kama ile ya kuchomelea vyuma, ya milimita mraba 35. Ule wa kutoa aliufunga kwenye chuma cha gari baada ya kukwangua rangi, kwa unene uleule. Tundu la bati alilivalisha mpira, na kable akaipitisha ndani ya bomba la plastiki.

Kuhusu harufu alitumia sauti ya chini. Batri ya maji ikijazwa kupita kiasi huchemka. Hutoa hewa ya hidrojeni, ambayo haina harufu na hulipuka kwa cheche ndogo tu, na hutoa mvuke wa asidi unaotoboa nguo. Lile yai bovu ni hewa nyingine yenye sumu, na inapoanza kunuka batri imekwisha teseka. Plaki ilikuwa imefungwa moja kwa moja, bila regilatere ya kuikata batri ikijaa. “Watoto walikuwa wanalala na hiyo,” mzee alisema. Shofere hakujibu.

Batri ilihamishiwa kwenye kofre, ndani ya sanduku gumu la plastiki lenye kifuniko, likafungwa sakafuni kwa vyuma na boloti, kwa kuwa kilo 15 zikiruka gari likigonga zinaua mtu. Juu ya sanduku likatoka bomba dogo linaloshuka hadi nje chini ya gari, ili batri ipumulie nje. Waya wa simu ulipata fizibu yake ndogo, na kipimo cha volti pembeni: 12.6 imejaa, 12.2 imefika nusu, hapo simu zinasimama. Nusu ya malipo shofere alitoa kwa pesa, nusu aliilipa kwa kuendesha magari ya wateja wa mzee kwa siku nane.

Aliporudi kambini alilisimamisha gari palepale na kufungua kofre wazi, kila apitaye aone. Waliokuja kuuliza hawakuwa wenye magari peke yao. Hema nyingi zilikuwa na batri ya plaki chini ya kitanda, mahali penye joto, pasipo hewa, na mshumaa jirani. Baba mmoja alirudi kwake mbio, akaitoa yake kando ya kichwa cha mtoto. Shofere aliwafundisha machache aliyoweza: iwekwe penye upepo na mbali na moto; ukiifungua, anza na mkia wa kutoa, ukiifunga, umalizie na huo huo; asidi ikiingia jichoni, mwaga maji safi mengi bila kuacha, dakika 20, huku mtu anatafuta muuguzi.

Siku ya tano yule mama alikuja. Hakutoa simu kwanza. Aliinama juu ya sanduku.

“Papa, nionyeshe ile inayokatika.”

Shofere akafungua kifuniko, akaweka kidole kwenye fizibu.

“Na watoto wanalala wapi sasa?”

“Kiti kile kile, mama. Vioo wazi kidogo.”

Akafungua ncha ya kitenge, akampa simu. “Ikilia usiikate,” alisema, akaenda kwenye maji. Jioni simu ilikuwa imejaa. Haikuwa imelia. Asubuhi alirudi nayo tena, akawa wa kwanza kwenye foleni.