Kitabu Safi kwa Shangazi

Desemba ikikaribia, ujumbe wa aina moja huanza kuingia kwenye simu yangu. "Dada, nipe kitabu cha likizo. Hadithi ya Kikristo, si mahubiri. Na kiwe safi." Wanaoniandikia ni watu wa kwaya, wenzangu wa CU tuliosoma nao sekondari, na mama mmoja wa kibanda cha mboga hapa mtaani, ambaye husoma akingoja wateja na hukasirika ukimkatiza kwa kununua sukuma wiki.

Sikuteuliwa na mtu kuwa mpendekezaji. Nilianza kwa kupitapita katikati ya mji wa Nairobi, kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaotandika mali yao chini mpaka mnunuzi ainame. Riwaya za Kikristo za Marekani hazikosi pale. Nyingine bado zina muhuri wa maktaba ya kanisa fulani la huko. Basi nikawa nanunua, nasoma, nagawa, na nikijua nani anapenda nini naandika kwenye daftari.

Daftari hilo limenionyesha kwamba "safi" ni neno gumu. Kwa wengi maana yake ni: pasiwe na matusi, pasiwe na kitanda, mlevi aruhusiwe ikiwa tu ataokoka, na maombi yajibiwe kabla ya ukurasa wa mwisho. Sina ugomvi na hayo. Mtu ametoka kazini, amepigwa na matatu na jua, hataki kusoma mambo ya kumchafua roho. Lakini hebu jaribu kutumia kipimo hicho, uone kinavyokuponyoka.

Wapo, kwa mfano, watu wa siku za mwisho. Wengi ni wa rika langu, na wa kulaumiwa ni Left Behind. Kitabu cha kwanza cha Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins kilitoka 1995, na mfululizo ukaendelea mpaka vitabu 16. Bwenini kwetu vilizunguka mpaka vikapoteza majalada. Ndege iko angani usiku, mara abiria kadhaa hawapo, nguo zao zimebaki kitini. Nilikisoma likizo ya Aprili. Siku moja nikatoka dukani nikakuta mlango wa nyumbani wazi, sufuria mekoni, na hakuna mtu. Niliita mara tatu. Nikakaa chini nikalia, nikijua Unyakuo umepita na mimi nimeachwa na kilo mbili za unga mkononi. Kumbe wote walikuwa kwa jirani wakitazama ng'ombe akizaa.

Kitabu hicho ni safi kabisa, na sikipendekezi. Kilinitia hofu tu, na hofu ikiisha hakuna mtu hata mmoja ndani yake ninayemkumbuka.

Mama wa mboga yeye ni wa vita vya kiroho. This Present Darkness cha Frank Peretti, cha 1986, amekisoma mara mbili. Kuna mji mdogo, mchungaji na mhariri wa gazeti, na juu ya mapaa malaika na mapepo wanapigana kwa panga. Watu wa chini wakiomba, malaika wanapata nguvu. Nilidhani anapenda hizo panga. Hapana. Anampenda bikizee mmoja mle ndani anayeomba. "Yule namjua," akaniambia, akifunga mafungu ya sukuma. "Yule ni mama yangu."

Na Redeeming Love? Hapo ndipo nilipokosana na mwenzangu wa kwaya. Francine Rivers alikitoa mara ya kwanza 1991, kisha akakisahihisha kwa ajili ya wasomaji wa Kikristo kikatoka upya 1997. Ni kisa cha nabii Hosea kilichohamishiwa California, wakati watu wanakimbilia dhahabu. Mwanamke aliuzwa kwenye danguro angali mtoto. Mwenzangu alikirudisha baada ya siku mbili. "Hiki si safi." Nikamuuliza kama Hosea mwenyewe, yule wa kwenye Biblia, amewahi kumsoma vizuri. Hatukusemezana Jumapili mbili.

Lakini niliyekusudia kumwandika ni Shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Anaishi Wundanyi, kule juu Taita, kwenye nyumba yenye miparachichi mitatu na ukungu usiokwisha. Husoma akiwa na penseli. Akikuta kosa la chapa analisahihisha, hata kama kitabu ni cha kuazima. Alipofiwa na mume wake alianza kuniomba vitabu, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri: mjane, basi apewe kitabu cha mjane. Nikampelekea Love Comes Softly cha Janette Oke, Mkanada, cha 1979, kitabu ambacho wapenzi wa riwaya za Kikristo za mapenzi wanakitaja kama babu yao.

Alinipigia simu kabla hajafika mbali. "Amechumbiwa siku ya mazishi?"

"Ndiyo, Shangazi. Baridi inakuja, hana pa kulala, na yule bwana ana mtoto anayehitaji mama. Hamgusi. Amemwambia masika ikifika akitaka kurudi kwao atamlipia nauli."

"Sawa, huyo bwana ni mtu. Lakini kwao ni wapi? Huyu msichana hana mama?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nimesoma kitabu kile mara tatu na sikuwahi kujiuliza.

Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba swali hilo alikuwa nalo zamani. Babu alikuwa mwinjilisti, na kabatini mwake kulikuwa na Safari ya Msafiri, kile kitabu cha John Bunyan cha 1678, yule aliyefungwa gerezani Bedford miaka 12 kwa kukataa kuacha kuhubiri. Nilikipenda nikiwa mdogo, kwa sababu ya simba na jitu kwenye ngome. Shangazi akinisomea, kila mara alikwama mahali pamoja, mwanzoni kabisa: yule msafiri anakimbia kutoka mji wake, mke na watoto wanamlilia arudi, naye anatia vidole masikioni na kukaza mwendo akiita uzima, uzima. Babu alisema huo ndio wokovu. Shangazi alisema, kwa sauti ya chini ili Babu asisikie, "Na hao waliobaki mlangoni?"

Miaka mingi baadaye nilimweleza kwamba Bunyan naye aliona deni hilo. Mwaka 1684 alitoa sehemu ya pili, na humo mke, Christiana, anafunga safari ileile na watoto wake wanne wa kiume, na njiani anaongezeka rafiki. Wanakwenda polepole kwa sababu ya watoto. Wanakula, wanapumzika, wengine wanaugua. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Bunyan angeanza na hiyo.

Sasa nisipoeleza jambo moja la nyumbani, mengine hayataeleweka. Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa Shangazi, alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Baba yake alimpiga, akatoa sanduku lake nje. Nilikuwepo, nilikuwa likizo. Shangazi alisimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hakusema neno. Kesho yake aliandaa chai kama kawaida, na wazee wa kanisa walikuja kusali nasi, wakaomba juu ya "aibu iliyoipata nyumba hii". Binamu alienda Mombasa, akazaa mvulana, akajitafutia maisha. Alikuja kumzika baba yake, akarudi na gari la jioni kabla chakula cha wageni hakijapakuliwa. Mtoto hakumleta.

Mwaka jana Shangazi akanituma: "Niletee cha Kiswahili sasa. Hivi vya Kizungu nimevichoka, kila mtu ana farasi."

Hapo nilikwama. Vitabu vya dini kwa Kiswahili vimejaa, lakini vingi ni vya mafundisho na shuhuda; hadithi za kubuni ni za kutafuta kwa tochi. Kwa daftari langu, riwaya ya Kiswahili iliyobishana na Mungu kwa dhati kuliko zote ni moja ambayo hata siku moja sijaiona kwenye duka la vitabu vya kanisa: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Mwandishi ni mtu wa Ukerewe aliyepitia seminari, na jina la kitabu ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria kwenye litania. Kilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Si safi, kwa kipimo chochote cha watu wangu wa kwaya. Baba, Zakaria, ni mlevi na mkali; anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume, kisha anapofika mbali na fimbo ya baba anapotea, na anafika kubaya. Lakini mwandishi haishii kaburini kama wengi ambavyo wangefanya. Anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, wakashitakiane huko. Kama hiyo si hadithi ya Kikristo, basi mimi sijui hadithi ya Kikristo ni nini.

Niliogopa kumpa. Si kwa sababu ya kitanda. Mwalimu wa miaka 35 hashtushwi na kitanda. Niliogopa ile fimbo. Nilijiuliza kama ninapendekeza kitabu au ninampiga mtu mzima jiwe huku nimeficha mkono. Ukweli, yote mawili yalikuwemo. Nilikuwa bado na hasira ya ule mwiko. Mwishowe nikakifunga katikati ya viwili vya farasi, kama mtu anayepitisha magendo, nikampa dereva wa matatu ya Voi.

Wiki tatu kimya. Nilipopiga tulizungumza mvua na bei ya maparachichi. Nikajua nimekosea, nikaanza kutunga namna ya kuomba radhi.

Pasaka nikapanda Wundanyi. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba mwanangu, ingia, nje baridi." Kitabu kilikuwa juu ya meza, chini ya miwani yake. Nilikifungua alipokwenda jikoni. Mwanzoni penseli ilikuwa imefanya kazi yake ya kawaida, koma hapa, herufi pale. Kuanzia ile sura ya kipigo hapakuwa na alama ya kosa lolote, ila kila palipoandikwa jina la Regina, mke wa Zakaria, palikuwa na mstari chini yake. Kurasa kwa kurasa. Mahali pengine mstari ulikuwa umepitishwa mara mbili mpaka karatasi imekwaruzika.

Alirudi na chai akanikuta nacho. Hakukasirika.

"Watu wakikisema kitabu hiki wanamsema Zakaria," akasema. "Ama wanamsema Rosa. Mimi nilikuwa namtafuta huyu tu."

Nikamwambia Regina naye alikuwa anaonewa mle ndani.

"Najua alikuwa anaonewa. Nimesoma." Akanimiminia chai. "Kule mbele ya Mungu baba anajitetea, mtoto anajitetea. Ningeulizwa mimi ningesema nini? Kwamba nilikuwa napika?"

Sikujibu. Mvua ilianza kugonga mabati, ikatuokoa sote wawili. Baada ya muda akaniuliza kama nimemletea kingine, nikatoa kitabu cha Peretti, akasoma nyuma ya jalada, akacheka: malaika wenye panga! Akakiweka juu ya Rosa Mistika. Hicho hakunirudishia mpaka leo, na sijamdai.

Daftari langu limebadilika kidogo tangu siku hiyo. Safu ya "safi / si safi" nimeifuta. Mtu akiniomba kitabu namuuliza alipenda nani katika kile cha mwisho alichosoma. Wengi wanaona ni swali la ajabu. Yule wa kwaya aliponijibu, kwamba kwenye Redeeming Love alimwonea huruma mama yake Angel, yule aliyeachwa na bwana wake mwenye mali na kuishia kufa maskini, nilijua kumbe alikuwa amesoma zaidi ya alivyonikubalia.

Wiki mbili baada ya Pasaka, binamu alinipigia kutoka Mombasa. Alikuwa na sauti ya mtu asiyejua acheke au agombe. Mama yake alikuwa amempigia simu, mara ya kwanza tangu mazishi. Hawakuzungumza hata dakika mbili.

"Alitaka nini?" nikauliza.

"Hata sielewi. Ameuliza mtoto anavaa kiatu namba ngapi."