Si Kila Mara Jino Ndilo Lenye Kosa

Ukiumwa na magego ya juu, jaribu jambo moja kabla ya kukimbilia kung'olewa. Inama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Maumivu yakizidi, uso ukawa mzito na pua imeziba, huenda jino halina hatia. Juu ya magego hayo, ndani ya mfupa wa taya lenyewe, kuna shimo la hewa kila upande, na mizizi ya meno iko karibu nalo mno. Ndiyo sainasi. Daktari Mwingereza Nathaniel Highmore aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1651.

Nasema haya kwa sababu ya mpwa wangu wa Katoloni, hapa Machakos. Vumbi la Septemba likianza, pua yake huziba, hulala mdomo wazi. Mwaka jana, kliniki moja ilitaka kumng'oa magego mawili. Dada yangu akakataa katakata mpaka picha ya eksirei ipigwe kwingine. Magego yalikuwa mazima. Sainasi ndizo zilizojaa kamasi. Dawa zikamaliza kazi, na magego yangali mdomoni.

Kisha likazuka la taya. Kidevu cha kijana huyu kimetangulia, meno ya chini yanapita ya juu, na shuleni amepewa majina nisiyopenda kuyaandika. Jirani akadai sainasi kubwa ndiyo inayosukuma taya. Lo! Taya la chini ni mfupa mwingine kabisa, una bawaba zake mbele ya masikio. Sainasi iko katika taya la juu. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa ndogo, ikakua pamoja na uso hadi mwisho wa ujana. Wataalamu wamepima sainasi za watu wenye taya zilizopishana, na majibu hayaafikiani: baadhi wameona tofauti ya ukubwa, wengine hawakuiona.

Pua iliyoziba miaka mingi ni habari nyingine. Mtoto anayepumulia mdomo, ulimi wake hushuka, na taya la juu laweza kubaki jembamba. Huyo aonwe na daktari wa pua mapema, na wa meno afikapo miaka 7.

Lakini kidevu hiki ni cha ukoo. Hata wafalme wa Habsburg huko Ulaya walirithishana cha namna hiyo vizazi kwa vizazi. Daktari wa Nairobi amesema waya za meno zianze mwakani; upasuaji, ukihitajika, utangoja mifupa imalize kukua. Bei yake ilimkosesha dada usingizi. Babu wa kijana, alipoambiwa kidevu ni chake, alicheka, kisha akauza mbuzi wawili.